Vinasaba Vyafichua Mwasi Ndani ya Pafu

Askari hulala wengi katika bweni moja, husafiri wengi katika lori moja, na akikohoa mmoja husikia wote. Kwa sababu hiyo kifua kikuu kimekuwa adui wa kambi na vituo vya polisi tangu zamani, na daktari wa kikosi anapoiona picha ya eksirei yenye kivuli katika pafu, wazo lake la kwanza huwa ni ugonjwa huo. Wazo hilo ni la haki, maana hapa Uganda, kama ilivyo katika nchi jirani, mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingi si mara zote. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa jeshi na polisi juu ya kivuli cha aina nyingine, ambacho hakiletwi na vijidudu vilivyoingia kutoka nje, bali huletwa na askari wa mwili wenyewe. Vile vile tutaeleza juu ya kipimo cha vinasaba, ambacho hutoa ushahidi pale ambapo jicho la daktari limefikia mwisho wa uwezo wake.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mtu mwenye uvimbe wa chembe za damu katika pafu, akidhaniwa kuwa na kifua kikuu, aweza kumeza vidonge miezi 6 bila nafuu huku uvimbe ukiendelea kukua. Na mtu mwenye kifua kikuu, akidhaniwa kuwa na saratani, aweza kupewa dawa kali zinazodhoofisha kinga ya mwili wakati ambapo kinga hiyo ndiyo anayoihitaji sana. Katika hali zote mbili, anayelipa gharama ya kukisia ni mgonjwa.

ULINZI WA PAFU

Tangu shuleni tulifundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Miongoni mwa askari hao kuna kundi liitwalo limfosaiti, nalo limegawanyika sehemu kubwa mbili. Zile za kundi B hutengeneza silaha zinazoitwa kingamwili, na zile za kundi T hushambulia chembe zilizoambukizwa na pia huongoza mapambano. Makazi yao makuu ni tezi za shingoni, kwapani na kinenani, wengu, pamoja na uboho wa mifupa. Aidha, hukusanyika kandokando ya njia za hewa, hasa pale ambapo pafu limesumbuliwa muda mrefu na vijidudu, na moshi, au na maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe.

Mkusanyiko wa namna hiyo ni wa halali. Adui ametokea, parapanda imepigwa, na askari wameitika. Katika picha ya eksirei, hata hivyo, mkusanyiko huo waweza kuonekana kama doa au wingu. Watu wenye virusi vya UKIMWI, na hasa watoto, huweza kupata hali ambayo limfosaiti nyingi hujaza kuta za vifuko vya hewa, na hali hiyo si saratani.

Lakini yaweza kutokea kwamba chembe moja miongoni mwao ikaharibika, ikaacha kutii amri, ikajigawa kuwa mbili, nne, nane, hata ikazaa jeshi zima linalofanana nayo. Huo ndio ugonjwa uitwao limfoma. Limfoma inayoanzia ndani ya pafu ni nadra sana, kwani haifiki 1 katika kila saratani 100 za mapafu. Nyingi kati yake ni za aina inayokua polepole, ambayo wataalamu huiita MALT, na wengi wanaoipata wamekwisha kupita umri wa miaka 50. Wagonjwa wengi hawana dalili yoyote, na ugonjwa hugunduliwa wakati picha ya kifua imepigwa kwa sababu nyingine kabisa. Wengine hukohoa, hupata homa, hutokwa jasho usiku na kupungua uzito. Dalili hizo ndizo zile zile za kifua kikuu.

SARE NI MOJA

Ili kuujua ukweli, daktari hukata kinofu kidogo katika ule uvimbe. Huweza kupitisha mrija wenye kamera katika njia ya hewa, au kuingiza sindano kifuani, au kufanya upasuaji. Kinofu hicho hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, na kutazamwa kwa hadubini.

Hapo ndipo shida inapoanza. Limfoma inayokua haraka huwa na chembe kubwa zenye sura ya kutisha, na mtaalamu aliyezoea hutambua ubaya wake mapema. Limfoma inayokua polepole ni kinyume cha hayo, kwa kuwa chembe zake ni ndogo na tulivu, na karibu zinafanana na limfosaiti za mtu mzima wa afya. Sare ni ile ile na kofia ni ile ile. Ukichukua kinofu kidogo kama kichwa cha kiberiti, ambacho ndicho mara nyingi mrija unachoweza kutoa, utawezaje kusema kama hawa ni askari halali waliokuja kulinda, au ni waasi waliovaa sare za askari?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo yaonya, lakini haielezi namna ya kumtambua yule aliyemo nguoni. Kwa kazi hiyo imebidi kusoma maandishi yaliyomo ndani ya chembe zenyewe.

KILA CHEMBE NA NAMBA YAKE

Kila askari anayo namba yake ya kazi, na hakuna wawili wanaochangia namba moja. Kumbe limfosaiti nazo zina desturi inayofanana na hiyo. Mwaka 1976, Susumu Tonegawa, mwanasayansi wa Japani aliyekuwa akifanya kazi mjini Basel nchini Uswisi, alionyesha kwamba chembe za kundi B hukata na kuunganisha upya vinasaba vyao zinapokomaa. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987.

Hufanyika hivi. Mahali pa vinasaba panapotawala utengenezaji wa kingamwili pana mafungu matatu ya vipande, nayo yanaitwa V, D na J. Fungu la kwanza lina vipande vinavyofaa takriban 40, la pili zaidi ya 20, na la tatu 6. Kila chembe changa huchagua kipande kimoja katika kila fungu, hutupa vile vilivyo kati, na kuviunganisha vile ilivyovichagua. Tena katika viungo huongeza au kupunguza herufi chache za DNA bila mpango maalumu. Matokeo yake ni kwamba kila chembe hupata mpangilio wa peke yake, wenye urefu na maandishi ambayo ni vigumu kukutwa katika chembe nyingine isiyo ya ukoo wake. Chembe za kundi T hufanya vivyo hivyo kwa vinasaba vyao. Na chembe inapojigawa, watoto wake hurithi mpangilio ule ule.

Sasa fikirini gwaride la ukaguzi. Ofisa anapita mstari kwa mstari akisoma namba za askari. Akikuta namba mbalimbali, anajua kwamba hiki ni kikosi cha kweli kilichokusanywa kutoka kila upande. Lakini akikuta watu elfu kumi wenye namba moja, hahitaji kuuliza zaidi kama wametoka mahali pamoja. Ndivyo kipimo cha vinasaba kinavyofanya katika kinofu cha pafu. Limfosaiti zikionyesha mipangilio mingi tofauti, huo ni mkusanyiko wa halali uliosababishwa na ugonjwa mwingine. Zikionyesha mpangilio mmoja uliotawala, basi ni uzao wa chembe moja, na shaka ya limfoma inakuwa nzito.

NJIA YA KUHESABU

DNA iliyomo katika kinofu kidogo ni haba mno. Hapo ndipo inapotumika njia ya kuizidisha iitwayo PCR, aliyoibuni Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983. Kipande kinachotakiwa hupashwa moto na kupozwa kwa zamu, na kila zamu idadi yake huongezeka mara mbili. Baada ya zamu 30, kipande kimoja chaweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Vipande hivyo hupangwa kwa urefu. Mkusanyiko wa halali hutoa urefu wa namna nyingi, unaochorwa kama kilima kipana. Uzao wa chembe moja hutoa mstari mmoja uliosimama peke yake kama mlingoti wa bendera. Mwaka 2003 maabara za nchi kadhaa za Ulaya zilitangaza utaratibu wa pamoja wa kufanya kipimo hiki, nao umefuatwa na maabara nyingi duniani.

Wasomaji wasidhani kwamba elimu hii iko mbali nao. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwishoni mwa mwaka 2010 kwa kupima kifua kikuu, hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo ya kuzidisha DNA. Askari aliyewahi kutoa makohozi yake yakapimwa kwa mashine hiyo amekwisha kuhudumiwa na PCR bila kujua. Tofauti ni hii, kwamba katika makohozi hutafutwa DNA ya kijidudu, na katika limfoma husomwa DNA ya mgonjwa mwenyewe. Kifaa cha kazi ya kwanza hakiwezi kufanya kazi ya pili, lakini mbinu zao ni ndugu.

MCHANGO WA MULAGO

Kipo kipimo kingine cha vinasaba, na historia yake inaanzia katika ardhi hii. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland ambaye alikuwa amewahi kutumikia jeshi la Uingereza kama daktari, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika taya pande zote mbili. Alianza kuwatafuta watoto wengine wenye hali hiyo, na mwaka 1958 akaandika juu yao. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walifunga safari ya gari kwa muda wa wiki 10, wakaenda maili 10,000 hivi hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama ugonjwa huo uko huko. Ugonjwa huo ni limfoma, na hadi leo unaitwa kwa jina la Burkitt. Vipande vya uvimbe kutoka Uganda vilivyopelekwa London ndivyo vilivyowawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kugundua mwaka 1964 kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, yaani kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho kilikuwa chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Limfoma ya Burkitt huanzia zaidi katika taya na tumbo, wala si ugonjwa wa kawaida wa pafu. Tunaitaja kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1972 George Manolov na Yanka Manolova, wanasayansi wa Bulgaria waliokuwa wakifanya kazi Sweden, waliona kwamba katika chembe za ugonjwa huo kromosomu namba 14 ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 ilijulikana kwamba kipande hicho kimetoka katika kromosomu namba 8. Na mwaka 1982 ilionyeshwa kwamba kinasaba kilichohamishwa kinaitwa MYC, ambacho kazi yake ni kuamrisha chembe zijigawe. Kilikuwa kimehamia jirani na vinasaba vya kingamwili, ambavyo katika chembe za kundi B havilali usiku wala mchana. Ikawa kama ofisa aliyehamishiwa penye kipaza sauti kisichozimwa, na amri ya kujigawa ikatolewa mfululizo bila mtu wa kuizuia.

Kutoka hapo wataalamu walianza kutafuta uhamisho wa namna hiyo katika limfoma nyingine. Dennis Wright, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Kampala katika miaka ya 1960 akichunguza limfoma ya Burkitt, alirudi kwao Uingereza, na mwaka 1983 yeye na Peter Isaacson walieleza kwa mara ya kwanza zile limfoma za MALT tulizozitaja, ambazo ndizo nyingi zaidi katika pafu. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba katika baadhi ya limfoma hizo kromosomu namba 11 na namba 18 zimebadilishana vipande, na vinasaba viwili vinavyoitwa API2 na MALT1 vimeunganika kuwa kimoja. Badiliko hilo hukutwa katika takriban theluthi moja, au zaidi kidogo, ya limfoma za MALT za pafu. Daktari akilikuta katika kinofu, amepata ushahidi wenye nguvu sana kwamba mbele yake ni saratani.

Namna ya kulitafuta ni ya kupendeza. Vipande vya DNA vilivyotiwa rangi zinazong'aa huwekwa kwenye kinofu, kimoja chekundu na kimoja cha kijani, kila kimoja upande wake wa kinasaba. Kinasaba kikiwa kizima, rangi mbili huonekana pamoja. Kikiwa kimekatika, nyekundu huenda kwake na kijani huenda kwake, na mtazamaji huona utengano huo kwa macho yake kwenye hadubini.

USHAHIDI HUPIMWA

Ndugu zetu wa polisi wanajua kwamba ushahidi mmoja hautoshi kumfunga mtu. Hali kadhalika kipimo cha vinasaba hakisimami peke yake. Kinofu kikiwa na chembe chache mno, mashine yaweza kuonyesha mpangilio mmoja kwa bahati tu, ndiyo maana kipimo hufanywa zaidi ya mara moja kwa sampuli ile ile. Aidha, baadhi ya maambukizo na maradhi ya kinga huweza kuleta uzao wa chembe moja bila kuwa saratani. Kwa upande mwingine, limfoma ya kweli yaweza kukwepa kipimo, kwa kuwa chembe za kundi B zina tabia ya kuendelea kubadilisha herufi za vinasaba vyao, hata mahali ambapo kipimo hushikilia pakapotea. Kwa hiyo jibu la hapana halimwachilii mshitakiwa moja kwa moja. Daktari hukusanya pamoja picha ya kifua, sura ya chembe katika hadubini, rangi za kutambulisha chembe, na matokeo ya vinasaba, kisha ndipo hutoa hukumu.

Matokeo hayo hubadilisha matibabu. Mgonjwa mwenye mkusanyiko wa halali hutibiwa kile kilichouita mkusanyiko huo. Mwenye limfoma ya polepole huweza kupasuliwa au kupewa dawa, au hata kuangaliwa kwa muda bila haraka, na wengi huishi miaka mingi. Mwenye limfoma ya haraka hana muda wa kupoteza hata wiki.

WAJIBU WETU

Kipimo hiki hakifanyiki katika zahanati ya kikosi. Ni kazi ya maabara kubwa, na mara nyingi kinofu husafirishwa. Lakini kufaulu kwake huanzia pale kinapokatwa. Kinofu kikiachwa kikauke, DNA huharibika. Kikiwekwa katika formalini isiyotengenezwa sawasawa, au kikasahauliwa humo kwa majuma, DNA hukatikakatika na kipimo hushindwa. Waganga wetu wasaidizi na madereva wanaobeba sampuli wajue kwamba kichupa kile si mzigo wa kuwekwa chini ya kiti hadi mwisho wa mwezi.

Kwa askari wa kawaida tuna mambo manne ya kusisitiza. Kwanza, mwenye kikohozi kilichopita wiki 2, au homa, au jasho la usiku, au kupungua uzito, aende akapimwe, kwa maana uwezekano mkubwa ni kifua kikuu, na kifua kikuu chatibika. Pili, aliyeandikiwa dawa za kifua kikuu azimalize zote kama alivyoamriwa, wala makala haya yasiwe kisingizio cha kuziacha. Tatu, ikiwa amezimeza kwa uaminifu na kivuli hakipungui, au kama vijidudu havikuonekana tangu mwanzo, amwombe daktari kwa heshima amweleze kama kinofu kimekwisha kuchukuliwa. Hilo si utovu wa nidhamu. Nne, asinunue dawa za prednisoloni au za jamii yake dukani kwa ushauri wa rafiki. Dawa hizo huyeyusha limfosaiti kwa muda, uvimbe hunywea, mgonjwa hujiona amepona, na kinofu kikichukuliwa baadaye huwa hakina tena ushahidi wa kutosha.

Tunaelewa kwamba wapo wanaoficha ugonjwa kwa hofu ya kuonekana hawafai kazi. Tunaelewa pia kwamba kusubiri majibu ya maabara ya mbali huchosha moyo wa mgonjwa na wa jamaa zake. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Jeshi humpeleka mpelelezi mbele kabla ya kufyatua risasi, ili lijue aliye kichakani ni adui, ni raia, au ni wenzetu. Kivuli katika pafu nacho chastahili kupelelezwa kwa uangalifu huo huo, na askari aliyekwenda hospitali mapema ndiye anayewapa madaktari nafasi ya kufanya hivyo.